Lakini ya Bi Kasa

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Ije imenyooka?
— Ije hata imepinda, mradi itufikie!

Basi palikuwa na Bi Kasa, mwenye gamba pana na haya nyingi kuliko gamba. Mwaka uliopita alikuwa na mayai tumboni, akalenga ufuko alikozaliwa. Akaogelea, chwa, chwa, chwa. Mkondo ukambeba ubavuubavu hadi kwenye majabali, mayai yakamtoka majini, yakapotea yote. Tangu hapo akiulizwa, "Habari za safari, Bi Kasa?" hujibu, "Nzuri!" kisha huzamisha kichwa. Aliona aibu, jamani, hata akatamani bahari immeze, na alikuwa tayari ndani yake.

Kibaya zaidi, watu wa nchi kavu walimbandika kidude mgongoni. Kila akiibuka, kidude hulia ti! ti! ti! kuwaeleza alipo. "Hata huko bara wanajua nilivyokosea njia," aliwaza.

Mwaka huu mayai yamejaa tena. Na kwenye mlango wa mwamba amekaa Bwana Papa, aliyejitangaza mtabiri wa bahari.

"Mkondo naujua mimi," akasema Papa. "Nitakwambia pa kupita. Watoto wakianguliwa, nusu yao wangu."

"Nusu, Bwana Papa?"

"Nusu kubwa."

Bi Kasa alikuwa karibu kukubali. Mara meli ikapita, ngurruu, ngurruu, na chini ya tumbo lake akabanduka Chazo, samaki mdogo mwenye kifyonzo kichwani, anayesafiri kwa kujibandika.

"Habari za safari, Bi Kasa?"

"Nzuri."

"Lakini?"

"Lakini nini?"

"Kila nzuri ina lakini yake nyuma. Hii meli, nahodha kaelekeza pua kwenye mnara wa taa, lakini mwili ukawa unateleza kusini. Pomboo nimewauliza. Nzuri, lakini walisukumwa kusini. Haya, nipe yako."

Bi Kasa akaibuka kuvuta pumzi. Uso ukamwaka. Kidude kikalia ti! Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nzuri... lakini nililenga mchanga, nikafikia majabali. Ya kusini."

"Alaa! Lakini tatu, na zote kusini!" Chazo akapiga mkia. "Basi usilenge mchanga. Lenga mikoko ya kaskazini, mkondo wenyewe utakushusha mchangani."

Kisha Chazo akamwendea Papa. "Bwana Papa, Bi Kasa kaondoka bila utabiri wako. Tena wanasema hata wewe mkondo unakusukuma."

"Mimi? Nisukumwe mimi?"

"Basi kamngoje mbele ya ufuko wake, waone."

Papa akanyoosha pua kwenye ufuko, hakupinda hata kidogo. Swaaa! Mkondo ukamteremsha kusini, naye akakataa hata moyoni kwamba anateremshwa. Kwaa! Akapanda fungu la mchanga kando ya majabali. Maji yakapwa.

Pomboo wakachungulia. "Habari za safari, Bwana Papa?"

"Nzuri!"

"Lakini?"

"Hakuna lakini! Nilikuwa nakuja hapa hapa."

"Basi tusikusumbue."

Jua likamchoma. Wakarudi, wakauliza tena. "Nzuri! Nilikuwa nakuja hapa hapa." Basi wasimsumbue.

Bi Kasa alikuwa amelenga mikoko, amefika mchangani, amechimba, ametaga, amefukia. Akirudi akaisikia ile "nzuri". Alidhani atacheka. Kumbe ilikuwa sauti yake mwenyewe ya mwaka mzima. Aibu ikamrudia, na safari hii ilikuwa aibu nyingine. Ni kasa wangapi waliomuuliza habari, akawajibu nzuri, nao wakafuata njia ile ile hadi majabalini?

"Bwana Papa," akasema, "mimi mayai yangu yote niliyapoteza hapo nyuma yako. Sema tu."

Papa akashusha pua. "Nzuri... lakini nilisukumwa. Na mkondo siujui."

Maji yalipojaa tena, pomboo wakamsukuma kwa pua zao, mbwata! akarudi majini. Hakudai tena nusu, kubwa wala ndogo.

Funzo la hadithi hii ni kwamba ukiulizwa habari za safari, jibu nzuri, ufunge mdomo. Aibu yako ni yako. Mwoneni Bi Kasa, aliropoka, na sasa ana watoto wote wa kuwahangaikia peke yake.

Hadithi yangu imefika. Safari ilikuwa nzuri.
— Lakini?
Lakini nililenga kuwasimulia ya Sungura.