Feni ya Mzee Nyati na Unyoya wa Pimbi

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na milango kama sisi, nzige waliivamia nchi wakala kila kilicho kijani. Walikula mashamba, wakala nyasi, wakala hata makuti ya mapaa. Kikabaki kibaba kimoja tu cha mbegu za mchicha.

"Tutapanda ndani," akasema Mzee Nyati. "Mahali ambapo nzige hafiki."

Wakaunda kabati kubwa la mbao nyumbani kwa Nyati, wakaziba kila ufa kwa udongo. Ndani wakapanga masinia ya udongo mweusi, wakatundika karabai nne ziwe jua la miche, za kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Lakini karabai zina joto. Kwa hiyo wakatoboa tundu ubavuni, wakalifunga wavu, wakaweka feni ya bati ya kuzungushwa kwa mkono.

"Feni ni kazi ya wenye misuli!" akasema Nyati, akaanza kuzungusha. Vuuu! Vuuu! Vuuu!

Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, akapewa kazi ya kumwagilia. Siku ya saba alifungua mlango wa kabati, moyo ukamshuka. Miche ya karibu na feni ilikuwa imelala chini, imekauka. Ya kule nyuma ilikuwa imeoza, imeota ukungu mweupe. Akapitisha kiganja kwenye ukuta wa nyuma, kikatoka kimelowa chepechepe.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Sema upesi, mikono inaniuma."

"Upepo wako unaingia, lakini hauna pa kutokea. Unaipiga miche ya mbele, kisha unarudi ulikotoka. Joto na unyevu vinabaki nyuma. Tutoboe tundu la pili kule juu, upande wa pili, nawe upunguze mkono kidogo."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Mimi nipunguze nguvu? Aliyekosa hata mkia anifundishe upepo? Ondoka! Kosa langu ni moja tu, sijazungusha vya kutosha."

Wakapanda tena. Nyati akazungusha mpaka mbao zikalia kwa! kwa! kwa! Miche ikafa tena.

Wiki hiyohiyo Bwana Kiboko akamzika mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa njaa. Tangu alipoweka jembe chini, Kiboko hakusema neno na mtu.

Mbegu zikabaki konzi moja. Pimbi aliporudi nyumbani alimkuta kitinda mimba wake anatafuna ncha ya mkeka.

"Mama, leo kuna nini?"

"Kuna maji, mwanangu."

"Na kesho?"

Pimbi alimpakata mtoto, akahisi mbavu zake, moja baada ya nyingine. Ukweli nimeusema, akawaza, nao umechekwa. Basi hawa wenye misuli niwape kile wanachokipenda.

Kulipokucha akaenda kwa Nyati na msumeno, kipande cha wavu na unyoya wa kanga.

"Mzee Nyati, huko kwetu majabalini wanabisha. Wanasema wewe si mwenye nguvu kuliko wote."

"Nani? Nani anasema hivyo?"

"Wanasema kuangusha vitu hata upepo wa kusi unaangusha. Mwenye nguvu za kweli ni yule awezaye kuushika unyoya hewani kutwa nzima, usipande wala usishuke. Niruhusu nitoboe tundu juu ya kabati, upande wa nyuma, niufunge unyoya hapo kwa uzi. Wewe zungusha feni, tuone."

"Toboa!" akafoka Nyati. "Toboa hata mawili!"

Pimbi akatoboa tundu dogo. Feni ilipozungushwa, tundu likapiga mluzi, fyiii, na ndani majani yakaendelea kutetemeka. Akajua hewa bado imebanwa. Akalipanua mpaka likawa pana kuliko lile la feni, mluzi ukanyamaza. Akalifunga wavu, akaning'iniza unyoya juu yake, akachora alama ya mkaa ukutani.

"Unyoya usimame hapa penye alama," akasema. "Haya, Mzee!"

Vuuu! Pwa! Uzi ukakatika, unyoya ukaenda kumwangukia begani Kiboko, aliyekuwa ameketi pembeni pamoja na wanyama wengine.

"Chafya ya mwanangu ingefanya hivyo hivyo," akasema Pimbi kwa upole.

"Hakuna awezaye jambo hili!" Nyati akapiga kwato. "Hakuna!"

Kiboko akautazama ule unyoya. Akainuka, akamrudishia Pimbi aufunge tena, akashika mpini wa feni. Mkono wake ulikuwa mzito, mkono wa mtu aliyechoka na dunia. Akazungusha polepole. Fuu... fuu... fuu... Unyoya ukainuka, ukafika penye alama, ukatulia.

"Ngoja!" akasema Nyati. "Kesho ni zamu yangu, na nitaushika mpaka jioni."

Hivyo ndivyo walivyoshindana, leo huyu, kesho yule, kwa siku ishirini na tano. Pimbi akapanda konzi ya mwisho, akamwagilia, akapitisha kiganja ukutani kila asubuhi. Ukuta ulikuwa mkavu. Miche ikasimama, ikanenepa, ikajaza kabati.

Siku ya mavuno Nyati akauliza, "Sasa sema, Pimbi. Nani ameshinda?"

"Hakukuwa na mashindano, Mzee. Majabalini hakuna aliyebisha. Nilitaka tundu lile na mkono mpole."

"Umenichezea!" Nyati akainua kwato juu ya kichwa cha Pimbi. "Umenidanganya mbele ya watu!"

"Nimekudanganya, baba." Pimbi hakurudi nyuma. "Nilikuambia ukweli ukanicheka. Nikakuambia uongo, ukanisikiliza."

Kwato ikabaki juu. Kisha sauti ikasikika, sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu msiba.

"Mwache," akasema Kiboko. "Laiti angetudanganya mapema."

Nyati akashusha mguu taratibu, akainamisha pembe. Akachuma mchicha kwa mikono yake mwenyewe, fungu la kwanza akampa Pimbi awapelekee watoto wote. Kiboko alichukua jani moja tu, akatoka nalo, akaenda kulilaza juu ya kaburi la mwanawe.

Wanangu, nguvu isiyo na kipimo huua hata kile inachotaka kukiokoa.