Dua ya Mlangoni pa Choo

Saa kumi na moja na robo alfajiri, taa ya choo cha wafanyakazi ilizimwa. Serah alitoka, akanawa mikono kwenye sinki, kisha akasimama mlangoni akinong'ona maneno yale yale ya kila siku. Velma, aliyekuwa ameegemea ukuta akingoja zamu yake, alihisi uchovu wa miaka mitatu ukimpanda kutoka miguuni.

"Haya, umemaliza kukishukuru choo?"

"Sishukuru choo, Mama Ashley. Namshukuru aliyeniwezesha kukitumia."

"Wee! Mtu analala chumba kisicho na dirisha, halafu anashukuru haja ndogo!"

"Asiyeshukuru haja ndogo," Serah alisema, "ile kubwa ataishukuru lini?"

Velma alicheka bila kutaka, akaingia na kubamiza mlango.

Wote wawili walikuwa watumishi wa nyumba moja mtaani Al-Safa, Jeddah. Velma alitoka Kakamega. Serah alizaliwa Nyandarua, katika jamii ndogo ya Wakikuyu wanaofuata dini ya Kiyahudi. Aliwahi kumweleza mwenzake kwamba Wayahudi huitwa kwa jina la Yuda, na kwamba jina hilo limetokana na shukrani, kwani Lea alipomzaa alisema safari hii atamshukuru Mungu. "Kwetu, asiyeshukuru ameshaiacha dini, hata akifunga," alisema. Kwa Velma maneno hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili.

Ukweli ni kwamba Velma alikuwa na mengi ya kushukuru. Mwezi wa Ramadhani, mafuta ya sambusa yalipomuunguza mkono, Serah alifanya kazi za wote wawili na kumwosha hata nywele mpaka alipopona. Velma hakusema asante. "Nani alimtuma?" alijiuliza moyoni, na swali hilo likamtosha.

Ilipofika Novemba, Madam, mwenye nyumba, alitangaza kwamba mmoja wao angeweza kwenda nyumbani mwezi uliofuata, na mwingine angengoja mwaka mzima. Serah ndiye aliyetangulia kuajiriwa, kwa hiyo zamu ilikuwa yake. Lakini Januari binti yake Velma, Ashley, alikuwa anaingia shule ya bweni. Velma alikuwa ameshamnunulia viatu vyeusi. Alitaka kumpeleka mwenyewe hadi langoni, na hakuona njia nyingine ila kukitia mchanga kitumbua cha mwenzake.

Madam alikuwa mjane mwenye maradhi ya figo, aliyekuwa akipelekwa hospitalini kusafishwa damu kila baada ya siku moja. Asubuhi moja, Velma alipokuwa akimpelekea kahawa, aliinama na kusema kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Madam, Serah anasoma maneno mlangoni pa choo. Kila siku. Si Kiswahili, si Kikikuyu."

Hakulitaja neno sihiri, yaani uchawi. Alimwachia Madam alitaje mwenyewe, na Madam alilitaja. Velma alijua fika kwamba neno hilo lingeweza kumfikisha mtu kituo cha polisi kabla hajavua aproni.

Serah aliitwa. Alikuja mikono ikiwa na unga. Madam alikuwa amelaza kwenye mto mkono wake wenye bandeji ya hospitali.

"Unasoma nini pale mlangoni?"

Uso wa Serah ulisawijika. Alimtazama Velma mara moja tu, kisha hakumtazama tena.

"Ni dua, Madam. Kwa Kiebrania. Mimi ni Myahudi."

Madam alijiinua kidogo kwenye kiti.

"Maana yake?"

"Kwamba Mungu amemuumba mtu kwa hekima, akamtia njia na matundu. Moja tu likiziba, mtu hawezi kusimama. Ndiyo maana nikitoka namshukuru."

Madam alifumba macho. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko wao wote.

"Sisi Waislamu pia tukitoka chooni humshukuru Mungu aliyetuondolea adha na kutupa afya. Nilifundishwa dua hiyo nikiwa mtoto, nikawa naisoma haraka haraka. Sasa figo zimekufa, na maji hayatoki tena. Huyu anashukuru kitu ninachokililia." Akamgeukia Velma. "Juzi alikuja hapa akaniomba wewe utangulie, kwa ajili ya shule ya mwanao. Nilikubali. Ningekwambia leo. Halas, basi. Atakwenda yeye."

Velma alimfuata Serah jikoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka usikie kwake," Serah alijibu huku akiukanda unga, "ili umshukuru yeye."

Hakusema zaidi. Jioni hiyo alilihamishia godoro lake chumba cha kufulia. Madam naye aliacha kupokea kahawa kutoka mikononi mwa Velma, akawa anaagiza iwekwe mezani.

Siku ya safari, Fidel, dereva wa nyumba, alipakia sanduku garini. "Yalla, Serah, ndege haina mjomba!" aliita. Serah alishika mlango wa gari, akasita.

"Mama Ashley, kuna mzigo wa mtoto? Nina nafasi."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Kuvileta kulihitaji hatua chache na neno moja, asante. Velma alijifuta mikono kwenye aproni.

"Hakuna," alisema.

Gari liliondoka. Januari, Ashley alipelekwa shuleni na shangazi yake akiwa amevaa viatu vya kuazima. Moyo usio na shukrani hukausha mema yote.