Kindi Atunga Hesabu Kichuguuni

Hapo zamani za kale, na anayetaka kunikatiza atoke sasa, Nyati alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wake walikuwa watatu: Kifaru, Twiga na Kindi. Desturi ya shule ile ilikuwa moja tu. Akosaye hesabu hupanda kichuguu kilichokuwa kando ya darasa, akakaa huko mpaka apate.

Kindi alikuwa huko tangu mvua za vuli.

Hesabu za Nyati zote zilikuwa za nyasi. Asubuhi akauliza, "Nyati ana matita saba. Kala matatu. Yamebaki mangapi?"

"Manne," wakaitika Kifaru na Twiga, kama jana na juzi.

"Na wewe wa huko juu?"

"Inategemea, Mwalimu," akasema Kindi. "Kama hajashiba, hayajabaki."

"Kaa hukohuko."

Akakaa. Upepo fyuu, ukampeperusha mkia. Huko chini wenzake walikula pamoja, wakacheka kwi kwi kwi, naye hakujua wanacheka nini. Kutwa alizungumza na mkia wake, na mkia haujibu. Mkitaka kujua upweke ni nini, ndio huo.

Mwishowe akachoka. Akaita, "Mwalimu, shikamoo. Kuitikia hata kasuku anaitikia. Hawa wakubwa wanaweza kutunga hesabu yao wenyewe?"

Kifaru akapiga ardhi, tifu. "Nani hawezi, wewe kijimkia?"

"Basi tunga. Ila ukishindwa kuijibu ya kwako, sheria ni ileile. Au sivyo, Mwalimu?"

"Sheria ni sheria," akasema Nyati, ambaye siku hiyo alikuwa mvivu wa kufundisha.

"Na isiwe ya matita saba, bwana mkubwa. Hiyo ya kitoto."

Kifaru akavimba kichwa. "Chukua mchanga wote wa mtoni, punje kwa punje. Toa punje nilizokanyaga mimi. Zimebaki ngapi?"

"Haya, jibu," akasema Nyati.

Kifaru akakoroma, akapanda kichuguu, gugugu.

"Nipishe."

Kindi akampisha. Ubavu wa Kifaru ulikuwa na joto. Kindi alikuwa amesahau kwamba mwenzio hupasha joto hata akikununia.

"Masikini Twiga," akasema. "Yeye atatunga ya nyasi tu."

"Mimi, ninayeona mbali hivi?" Twiga akanyoosha shingo. "Matone yote ya mvua tangu nizaliwe, gawa kwa majani ya pori hili. Kila jani limepata mangapi?"

"Jibu," akasema Nyati.

Twiga akatazama juu. Juu hakukuwa na jibu. Akapanda naye.

"Zamu yako, Kindi. Na ujibu."

"Kichuguuni alikuwapo mpweke mmoja, Mwalimu. Sasa tuko watatu, tumebanana. Katika shule hii wapweke wamebaki wangapi?"

"Hakuna hata mmoja," akadakia Kifaru.

"Yupo mmoja," akasema Kindi, akaonyesha kwa mkia.

Huko chini Nyati alikuwa amesimama mbele ya darasa tupu. Akaitazama mikeka ya wanafunzi wake.

"Umepata," akasema polepole. "Shuka."

"Nishuke niende kwa nani, Mwalimu? Wenzangu wako huku."

Mimi nimewaacha hapohapo kichuguuni, na funzo nawapa bila kuzunguka: anayetungiwa hesabu kila siku hubaki kuitikia, anayejifunza ni yule anayetunga ya kwake na kuijibu.