Fisi Apanga Machinjio ya Mji

Mwaka ule mvua iliusahau mji wa wanyama. Visima vyote vilikauka ila kimoja tu cha Bondeni, ambako Sungura alikuwa amechimba shimo lake na kulea wanawe, akipakana na Kobe, Kanga na wanyonge wengine. Maji yalikuwa haba, lakini yalikuwepo.

Mwaka huohuo mpango wa mji ulifika mwisho wake, na Simba akanguruma kwamba utungwe mwingine wa miaka ishirini. "Na wakazi washirikishwe!" alisema, maana alisikia wafalme wengine hufanya hivyo, naye hakupenda kupitwa. "Watakalolipigia makofi mbele yangu, hilo ndilo sheria. Mimi sisemi mara mbili."

Kazi akampa Fisi. Kwa nini Fisi? Kamuulize Simba mwenyewe, kama una shingo ya akiba.

Fisi alijua sana kushirikisha. Aliwaita wakazi uwanjani, mbele ya Simba, jua likiwa la utosi, akawagawia mahindi ya kuchoma, akachora ramani ya mji chini kwa majivu, akahutubu mpaka Kobe akasinzia ndani ya gamba lake. Hapo ndipo akalichomeka lile alilolitaka.

"Machinjio ya mji yatajengwa Bondeni. Na kwa ajili ya usafi, ndugu wananchi, hakuna atakayeishi karibu na machinjio. Waliopo watahama. Kisima nitakitunza mimi mwenyewe, mkazi wa kilimani. Kuna maoni? Hakuna. Makofi!"

Wakazi, vinywa vimejaa mahindi, waliinua mikono wapige. Sungura aliacha kutafuna. Wanawe wangekunywa nini? Wangelala wapi? Hasira ilimpanda, hasa kwa kuwa hata yeye alikuwa ameshika gunzi la Fisi. Akalitupa, akaruka mbele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mpango wako ni asali tupu! Ila nakuonea huruma."

"Huruma ya nini, we masikio?"

"Nyama ichinjwe Bondeni, nawe unakaa kule juu? Mpaka ushuke, Mbweha kashachukua maini, Tai kashamaliza utumbo. Wewe uliyetoka jasho kwa ajili yetu utaramba majani. Ni haki hiyo?"

Udenda ulianza kumtoka Fisi. "Umesema maini?"

"Ya moto, yanafuka mvuke. Lakini usijali, mzee wangu. Nasikia waheshimiwa hamli maini."

"Nani kakudanganya?" Fisi alifuta alama ya Bondeni kwa kwato, sijui kwa kucha, mbio mbio, akaichora upya kilimani. "Machinjio kilimani! Mlangoni pangu kabisa! Maoni ya wananchi yamesikilizwa! Makofi!"

Yakapigwa makofi hata vumbi likatimka. Kanga alipiga kwa mabawa. Kobe aliamka, akapiga bila kujua ni ya nini, kama afanyavyo kwenye kila mkutano.

Simba akainuka, akatikisa manyoya ya shingo. "Nimesikia. Machinjio kilimani, na asikae mnyama karibu nayo. Fisi, hama."

"Mfalme wangu! Sharti lile lilikuwa la wale!"

"Wale kina nani?"

Fisi aliwatazama wakazi, wakazi wakamtazama. Akamgeukia Simba. "Basi... turudie makofi, Mfalme. Wananchi hawakuelewa vizuri."

"Mimi husema mara mbili?" Simba aliuliza, na meno yakaonekana yote.

Fisi alihama siku hiyohiyo, akaenda ng'ambo ya nyika, kusiko na maji wala mfupa. Upepo ukivuma kutoka kilimani humletea harufu ya maini, naye hulia. Watu husema anacheka. Sungura alichota maji, akawanywesha wanawe, akampelekea na Kobe kata moja.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.