Chura Katika Nguo ya Uduvi

Semeni "Tunasikia." Semeni kama watu walioshiba, si kama wagonjwa.

Hapo kale, kale iliyo nyuma ya babu wa babu zenu, mawe yalipokuwa bado laini na watu wameshakuwa wagumu, palikuwa na kijiji cha pwani kikiitwa Mwambaleni. Kisima chake kilikuwa kimoja. Mwaka huo mvua ilikataa, na kisima kikageuka chumvi. Wakachimba cha pili, chumvi. Wakachimba nyuma ya msikiti, chumvi. Wakachimba mbali shambani, wakakuta vumbi, wakaitamani hata hiyo chumvi.

Jumbe wa kijiji akakusanya watu. Akasema, "Kesho alfajiri tunahama. Tunakwenda bara, kwenye mto. Njia ni ya siku mbili na maji tuliyobakiza ni ya kulambisha midomo. Anayeweza kutembea atembee."

"Na asiyeweza?" akauliza Mize.

Jumbe akatazama chini. Jumbe akitazama chini, wanangu, jueni jibu analo na ni baya.

Mize alikuwa mjane. Mumewe alikufa akamwachia nyumba na wifi. Na alikuwa na mama yake, Bi Mkasi, kizee aliyevunjika nyonga, hanyanyuki kitandani. Kumbeba Bi Mkasi kulitaka wanaume wanne, na hao wanne wangekunywa nini njiani? Wote walimpenda Bi Mkasi, na wote walikuwa wanafunga mizigo.

"Basi mimi nabaki naye," akasema Mize.

"Utakufa," wifi yake Mwanatenga akamwambia.

"Nitakufa nyumbani kwangu."

Wewe unayemfinya mwenzio, nakuona. Kaa.

Mchana huo maji ya bahari yalikupwa. Mize akachukua kaniki yake kuukuu, akamwendea Mwanatenga. "Wifi, twende tukatande uduvi. Mama hajala tangu juzi."

"Watu wanahama, wewe unataka uduvi?"

"Kwani uduvi umeambiwa tunahama?"

Wakaenda. Kutanda mnakujua: nguo moja, watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, mnainama, mnakokota, mnainua. Na desturi ya Mwambaleni ilikuwa hivi: kilichoingia nguoni ni nusu kwa nusu, kiwe kikubwa, kiwe kidogo. Wakakokota, wakainua, majani. Wakakokota, wakainua, majani na kaa asiye na mguu. Wakasogea karibu na mwamba, wakakokota, wakainua. Nguo ikaruka yenyewe.

Mwanatenga akaachia pembe zake. "Jini."

Mize akatazama ndani. "Chura."

"Chura baharini? Si ndiye jini huyo?"

"Jini gani ana tumbo kama la jumbe?"

"Mtupe, wifi. Mtupe, tukaoge. Mikosi yote tuliyo nayo haikukutosha, unavua na chura."

"Nusu yake ni yako."

"Nimekupa. Chukua chura mzima, chukua na kaniki."

Mize akamshika yule chura, akamgeuza. Mnono. Ngozi inateleza, macho yanang'aa. Akajisemea, chura maji ya chumvi humkausha kama dagaa juani, sasa huyu amenenepea wapi? Kijijini hapana hata tope. Watu wazima tumekauka midomo, chura ana mashavu.

Hakumtupa. Akamweka taratibu juu ya mwamba. Chura akakaa. Akafikiri, maana chura hufikiri kuliko baadhi yenu. Kisha akaruka, lakini hakuruka kwenda nchi kavu. Akaruka kuelekea baharini, mara moja, mara ya pili, akajitia kwenye ufa wa mwamba, mahali ambapo maji yakijaa hapaonekani kabisa.

Mize akaingiza mkono hadi begani. Maji ya bahari yalikuwa vuguvugu kama uji uliosahauliwa. Ya mle ndani yalikuwa baridi, na yalikuwa yanasukuma.

"Yaonje," akasema Mwanatenga kutoka mbali.

"Njoo tuonje wote."

"Onja wewe, mimi nina watoto."

Mize akakinga kiganja, akaonja. Akakinga tena.

"Wifi, mbona husemi? Umekufa?"

"Njoo."

Mwanatenga akaja kwa kunyata, akaonja, na yule mwenye kuogopa majini akalala kifudifudi juu ya mwamba akanywa kama punda. Maji matamu, wanangu. Mto mzima wa chini kwa chini, umepita chini ya miguu yao, chini ya visima vyao vyote, unamwagika baharini bure.

Mwanatenga akakimbia na kifuu cha nazi kimejaa hadi kwa jumbe, aliyekuwa anafunga kamba mzigo wa mwisho. Jumbe akaonja. Akaonja tena. Akamaliza.

"Yametoka wapi?"

"Baharini."

"Leteni mengine. Sijahakikisha."

Kijiji kizima kikashuka na mitungi, na masufuria, na mabakuli, wakateka mpaka bahari ilipojaa ikawafukuza. Hakuna aliyehama. Kamba zikafunguliwa kimya kimya, watu wakiona haya kutazama upande wa nyumba ya Bi Mkasi.

Mize akampelekea mama yake kata iliyojaa. Bi Mkasi akanywa nusu. Ile nusu iliyobaki akajimwagia kichwani, yote, akafumba macho.

Mize akafungua kinywa kumgombeza. Kisha akakumbuka kwamba maji yapo. Akachukua kata, akaenda kumchotea mengine.

Basi ukikuta kitu mahali pasipo pake, usikimbilie kukitupa. Kiulize kwanza kimetoka wapi na kimekula nini.

Kisa changu kimekupwa hapo. Kilichokuwa kitamu mezeni, kilichokuwa kichungu nirudishieni mimi, nimeshazoea. Haya, kaosheni miguu.