Bendera za Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na midomo ya kusemana, kulikuwa na kilima. Juu ya kilima aliishi Mzee Kifaru na mkewe na watoto wao, wote wakubwa, wote wazito. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi aliishi mama mmoja mdogo mwembamba, Nguchiro, na watoto wake wawili.

Walikuwa watatu. Masika yaliyopita alimzika mmoja. Tumbo la kuhara. Leo anacheza, kesho amekauka kama jani.

Kaeni vizuri niwaambie kwa nini.

Mzee Kifaru alikuwa na choo. Tena choo hasa! Kuta za matofali, paa la bati, mlango wa mbao na kufuli kubwa kama la duka. Alikijenga upande wa pili wa kilima, mbali na maji, vile Korongo bwana afya alivyomwelekeza. Korongo alipokuja kukagua aliingiza shingo, akanusa, akasema, "Mzee, choo hiki ni kisafi kuliko jiko langu!"

Kwa nini kisiwe kisafi? Hakuna aliyewahi kukitumia!

"Mimi?" Kifaru alikuwa akisema. "Mzee mzima, na pembe zangu mbili, nionekane na kopo la maji naingia chooni? Si watoto watajua kwamba na mimi nakunya!"

Sasa walikunya wapi? Mlimani. Baba nyuma ya kichaka hiki, mama nyuma ya kile, watoto popote walipobanwa. Na Mzee Kifaru akimaliza alikuwa na desturi ya kurusha mateke nyuma, pwa! pwa! pwa! akiyasambaza kama mtu anayepanda mtama.

Mavi yakajaa mlima mzima. Ndiyo, nimesema mavi. Mkitaka niseme kwa adabu, kawaambieni kwanza nzi wale kwa adabu.

Kiangazi yalikauka, na hakuna aliyesema neno. Lakini masika yakifika, mvua ilishuka kilimani, ghararara! ikazoa kila kitu, ikamimina wapi? Chemchemini. Kwenye kikombe cha Nguchiro.

Basi mwaka ule, mawingu yalipoanza kujikusanya, Nguchiro akapanda mlima.

"Hodi! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

Macho ya Kifaru mnayajua. Hapo mlipo nyinyi, angeona visiki vimepangwa.

"Ni mimi, Mama Nguchiro wa chini."

"Aa! Nilidhani panya anakohoa. Unataka nini?"

"Mzee, mvua inakuja. Nakuomba mwaka huu mtumie choo. Mavi yenu yanaingia kwenye maji ya wanangu."

"Choo ninacho! Cha bati! Kina kufuli!"

"Anakitumia nani?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Hawajaja bado."

"Mzee..."

"We mwanamke, chemsha maji! Si Korongo aliwafundisha?"

"Nachemsha. Lakini kuni za masika hazishiki moto, na mtoto ni mtoto. Nikigeuka kukoroga uji, mwenzangu ameshainamia chemchemi, anafyonza."

"Basi mfunge mdomo na kamba!" Kifaru akacheka, ho! ho! ho! mpaka pembe zikatikisika.

Nguchiro hakucheka. Aligeuka aende zake, na hapo hapo akasikia sauti ya Mama Kifaru kutoka jikoni.

"Baba Mashauri! Jumamosi Mama Twiga anakuja kuona nyumba atakayoolewa bintiye, na wewe umekaa tu hapo kama jiwe la kusagia! Hata njia haijapambwa!"

Mashauri alikuwa mtoto wao mkubwa. Alimpenda Sikujua, binti wa Mama Twiga, mpaka chakula kikawa hakipiti. Kifaru amwoe Twiga? Msiniulize watazaa nini, hiyo si kazi yangu.

Nguchiro akarudi, uso mzima tabasamu.

"Mzee, naona nimekukosea heshima. Niruhusu nikupambie njia. Bendera ndogo nyekundu, kulia na kushoto, toka chemchemini mpaka mlangoni pako. Nipe kanga kuukuu tu, kazi nitafanya mwenyewe."

"Bendera!" Kifaru akavuta pumzi. "Na akiniuliza ni za nini?"

"Mwambie ni heshima yake. Mwambie nyumba nzima mmechangia, baba, mama na watoto, hakuna aliyekosa."

"Maneno hayo nayapenda," akasema Kifaru. "Kumbe ukiacha kulalamika una akili."

Nguchiro akachukua kanga nyekundu ya Mama Kifaru, akaichana, chwaa! chwaa! Kila kipande akakifunga kwenye kijiti. Ijumaa nzima alizunguka mlimani, mkono mmoja kijiti, mkono mmoja pua. Akiona rundo, chomeka! Akiona jingine, chomeka! Mahali Mzee alipokuwa amerusha mateke, akasimama, akakuna kichwa, kisha akachomeka bendera kila upande mpaka pakawa kama shamba la waridi.

Kifaru alitoka kutazama. Akaona wekundu unapepea. Akaita mkewe. Na yeye macho yake hayakuwa bora, akaona wekundu unapepea. Wakapeana mikono. Harufu? Harufu waliizoea zamani.

Jioni ile zikanyesha rasharasha za kwanza, chapu chapu, kidogo tu. Lakini kidogo kilitosha. Kitindamimba wa Nguchiro akaanza kushika tumbo. Mama yake akamkorogea ile pakiti ya chumvi na sukari ya zahanati, kwa maji yaliyochemka na kupoa, akamnywesha kijiko baada ya kijiko. Akamtazama mtoto. Akautazama mlima. Akaendelea kunywesha.

Jumamosi, Mama Twiga akafika na doti yake mpya, shingo ndefu, kope ndefu, ulimi mrefu kuliko vyote. Kifaru alimpokea chini ya mlima, amepakwa mafuta anang'aa. Nguchiro alisimama kando kama mtu wa kubeba mizigo.

"Karibu, mzazi mwenzangu, karibu!"

"Asante. Ee, mbona kilima kizima ni bendera?"

"Heshima yako hiyo!" Kifaru akatanua kifua. "Nyumba nzima tumechangia. Mimi, mama, watoto. Hakuna aliyekosa!"

"Jamani! Watoto pia?"

"Hasa watoto!"

"Na hizi hapa zilizosongamana?"

"Hizo ni zangu mwenyewe," akasema Kifaru kwa unyenyekevu. "Mimi nikitoa, sitoi kidogo."

Nguchiro akaanza kukohoa ghafla, akaziba mdomo kwa mkono.

Mama Twiga akatabasamu. Akaishusha ile shingo aione bendera kwa karibu. Ikashuka, ikashuka, ikashuka. Ikasimama.

Vuuuuuu! Nzi wakainuka.

"Mzazi mwenzangu," akasema taratibu, "heshima yangu mbona ina nzi?"

"Nzi? Watakuwa wamekuja kukulaki."

Shingo ikapanda juu kama kamba ya kisima. Mama Twiga alitazama bendera ya pili. Ya tatu. Kutoka kule juu aliuona mlima wote kama unavyouona ungo wa mchele, na kila penye bendera aliona kilicho chini yake. Alikunja doti mpaka magotini, akapanda mlima kwa ncha za kwato.

Mlangoni palitandikwa jamvi. Mama Kifaru akaleta pilau, na wale nzi wa kwenye bendera nao wakafika, wakakaa kwenye pilau bila kukaribishwa. Mgeni akaletewa bilauri ya maji.

"Maji haya mmeyateka wapi?"

"Chemchemini," akasema Kifaru. "Matamu hayo!"

"Ipi? Ile ya chini ya bendera?"

"Hiyo hiyo!"

Mama Twiga akaiweka bilauri chini kama mtu anayeweka nge.

"Nina haja," akasema. "Choo kiko wapi?"

Kifaru akaruka kwa furaha. Mgeni! Hatimaye! Akautoa ufunguo shingoni, akamtangulia hadi nyuma ya nyumba, akalitia ufunguo kufuli lile kama la duka. Ng'eng'e! Ng'eng'e! Kutu. Akalipiga kwa pembe, kwaa! Mlango ukafunguka.

Kokokoko! Kuku watano, waliozoea kupenya dirishani, wakatoka mbio wakimwaga manyoya. Ndani, magunia ya mahindi aliyoyaweka zamani akayasahau, yamepangwa hadi kwenye bati. Juu ya tundu, baiskeli.

"Nitakaa wapi?" akauliza Mama Twiga. "Juu ya kengele?"

Mashauri akaanza kutazama kwato zake.

"Kama hapa mmeweka kuku na baiskeli, nyinyi wenyewe mnakwenda wapi?"

Hapo Nguchiro akapenyeza sauti yake ndogo.

"Mama, si umepita katikati yake? Mimi nimeweka alama tu, usije ukakanyaga."

Lo! Mama Twiga alitoa msonyo mrefu, ulianzia kifuani ukapanda shingo yote ile mpaka ukatokea mdomoni, na wakati huo sote tungekuwa tumeshakula. "Mchuuuuuu! Sikujua hatakuja kuolewa anyweshwe mavi! Siku mlima huu utakapokuwa na majani matupu, na choo hiki kitakapokuwa na njia iliyokanyagwa, niiteni. Vinginevyo, huyo kijana wenu na aoe baiskeli!"

"Baba!" Mashauri akaangua kilio.

Kifaru akakunja uso. Alipogeuka kumtafuta Nguchiro, Nguchiro alikuwa ameshatoka, anakimbia chini.

"Kidudu wewe! Leo nakukanyaga!"

Akainamisha pembe, akashuka nyuma yake, gidi! gidi! gidi! Nguchiro huku, Nguchiro kule, anapita kati ya bendera kama sindano. Kifaru je? Kifaru hakuona njia, alikata katikati. Akakanyaga ya mkewe. Akakanyaga ya watoto. Akafika kwenye zile zake, pale penye shamba la waridi, pamelowa rasharasha.

Pwaaaaa!

Akateleza kwa matako mpaka chini, na bendera zote nyuma yake, akaja kusimama mlangoni kwa Nguchiro, mwekundu na wa kijani.

Nguchiro hakukimbia tena. Alikuwa amesimama kizingitini. Nyuma yake, kwenye mkeka, mtoto mdogo alilala macho yamezama, na ndugu yake anamshikia kikombe.

"Karibu, Mzee," akasema Nguchiro. "Umetoka mbali. Una kiu." Akachota kata ya maji chemchemini, akampa.

Kifaru aliipokea, alikuwa amekauka koo. Akaisogeza karibu, karibu, mpaka ikagusa pembe, na kwa mara ya kwanza akaona kilichomo. Kilikuwa kinaelea. Alikitambua.

"Siwezi kunywa hii!" akapiga kelele. "Ni mavi!"

"Ya nani?"

Kifaru akaishusha kata.

"Wewe mkubwa hivyo huwezi," akasema Nguchiro. "Huyu hapa amekunywa. Na yule wa mwaka jana alikunywa. Haya, nikanyage basi, ulikuja kunikanyaga."

Kifaru akatazama chini. Kisha akamwaga ile kata mbali na chemchemi, akapanda mlima polepole bila kuaga.

Msidhani moyo wake ulilainika kama ugali. Kidogo, labda. Lakini juu kule Mashauri alikuwa analia kama honi, na mama yake ameshaitambua kanga yake vipande vipande. Mzee angelala wapi?

Siku ile ile kuku walihama. Mahindi yalipelekwa ghalani, baiskeli ikaegeshwa ukutani. Familia nzima ilishika majembe, ikachimba mashimo mbali na maji, ikafukia kila kilichokuwa na bendera. Mzee alizika vya kwake mwenyewe, na nawaambieni hakumaliza mapema. Wakachimba mfereji kuyakinga maji ya mlima yasiingie chemchemini. Mlangoni mwa choo wakatundika kibuyu cha maji na sabuni. Sabuni ikiisha, majivu yapo, jiko halijawahi kuyanyima.

Mvua kubwa ikaja, ghararara! Ikashuka mlima, ikapita mferejini, ikaenda zake.

Mtoto wa Nguchiro? Mama yake alimbeba mgongoni kesho yake asubuhi mpaka zahanati, hakusubiri aone kama atapona mwenyewe. Akapona. Sasa ni mtundu, anapiga mawe kuku wa Kifaru.

Mama Twiga aliitwa. Aliutazama mlima kutoka kule juu kwake, upande hadi upande. Majani matupu. Akaitazama njia ya chooni, imekanyagwa mpaka inang'aa. Akaletewa maji. "Yamechemka?" "Yamechemka, mzazi mwenzangu." Akanywa, akapiga kigelegele. Mashauri akazimia kwa furaha, wakammwagia yaliyobaki.

Na bendera moja Nguchiro aliibakiza. Aliitundika kwenye mlango wa choo cha Kifaru: ikiwa nje, kuna mtu ndani. Wote waliielewa isipokuwa Mzee mwenyewe, ambaye haoni, na kila asubuhi husikika akigonga kwa pembe, kwaa! na kopo lake mkononi mbele ya watoto wote.

"Kuna mtu?"

"Yupo!" anajibu mkwewe Sikujua kutoka ndani. "Subiri zamu yako, baba!"

Naye husubiri.

Mimi nimefika mwisho, nyinyi mfike chooni: choo kisichotumika ni kibanda tu, na anayekunya mlimani anamnyea jirani yake kikombeni.