Madoa ya Bwana Mkude

Kwaruu! Usiku ule mfinyanzi alisikia tupa ikikwaruza chuma, akajua Bwana Mkude, mwenye tanuri, anamtilia unga wa chuma kwenye pipa lake la udongo mweupe. Unga huo ukichomwa huacha madoa meusi.

Asubuhi alifika Bi Zamoyoni, mnunuzi wa vyombo vya hoteli. Alisema kati yao, atakayetoa vikombe safi atapata kazi ya mwaka mzima. Miaka yote Mkude alimuuzia vikombe vya mfinyanzi huyo, na akiulizwa ni vya nani, hujibu, "Vya kibarua wangu mmoja tu."

"Bwana, udongo wangu una nuksi," mfinyanzi alilalamika. "Tubadilishane mapipa, tafadhali."

"Thubutu!" Mkude alicheka. "Kila mtu na pipa lake. Bi Zamoyoni ndiye shahidi."

"Haya, mama, umemsikia mwenyewe," mfinyanzi alimwambia Bi Zamoyoni.

Wakafinyanga, wakachoma. Tanuri lilipofunguliwa, vikombe vya mfinyanzi vilikuwa vyeupe kama tui. Vya Mkude vilikuwa na madoa kama kanga wa porini.

"Umeniroga, we mwanamke!"

Mfinyanzi akachomoa kibwebweni sumaku ya spika mbovu. "Nimeroga wapi, bwana? Nilikoroga udongo wangu kwa hii usiku uleule, ikazoa chuma chote. Nami mali ya mtu siiweki. Nilikirudisha kwenye pipa la mwenyewe."

Bi Zamoyoni alicheka mpaka akakaa chini. "Mkude, tanuri lako nitalikodi. Ila chini ya kila kikombe nataka jina la fundi. Nitajie wewe. Anaitwa nani?"

Mkude aliokota kikombe cheupe, akakigeuza.

"Mwantumu Kizaro."